Jiji linapomwajiri mshauri wa maji, linanunua nini hasa?

Oktoba 2022 Dar es Salaam ilirudi kwenye mgao. Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukanywea, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo kwa pamoja inaweza kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, ikakosa maji ya kutosha ya kuvuta. Ratiba za mgao zikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, boza likawa la kupangia foleni, na wenye nyumba wakaanza kutia kufuli bomba za uani. Kwetu tulitega simu ilie saa tisa usiku. Bomba lilianza kwa kukohoa upepo, yakafuata maji mekundu ya kutu, kisha kwa nusu saa hivi yakaja maji ya kweli. Kila ndoo, kila beseni, hadi sufuria ya pilau ilikuwa kwenye mstari.

Swali la vijiweni siku zile lilikuwa moja: kwani hawakujua? Walijua. Bwawa la Kidunda, ambalo kazi yake ni kuubeba mto ule katika miezi ya kiangazi, lilikuwa limejadiliwa, limepimwa na kuchorwa kwa miongo kadhaa kabla ya mwaka huo. Mipango ilikuwepo, tena imeandikwa na watu waliosoma. Kwa hiyo unaposikia jiji fulani limetangaza zabuni ya kumpata mshauri elekezi atakayeandaa mpango wa maji wa miaka 25 au 30, ni haki yako kuuliza pesa ile inanunua nini. Mshauri hatoi hata dumu moja la maji. Anatoa karatasi.

Nitajaribu kuonyesha hapa kwamba sehemu kubwa ya karatasi hiyo huwa imeshaandikwa kabla mshauri hajashuka kwenye ndege au hajatoka ofisini kwake Mikocheni. Inaandikwa na jiji lenyewe, kwa namna linavyouliza swali.

Mshauri si mkandarasi

Tuanze na majina, maana hapa ndipo wengi hupotezana. Mkandarasi ni yule mwenye kijiko, malori na vijana wenye kofia ngumu. Mshauri elekezi, au mhandisi mshauri, anauza vichwa: mtaalamu wa mito, wa miamba, wa mabomba, mchumi, mwanasheria, mtu wa mazingira, mtu wa jamii. Hufanya kazi pamoja mwaka mmoja au miwili, kisha hutawanyika.

Na kazi zenyewe zina ngazi. Ya kwanza ni mpango mkuu, unaotazama mbali na kusema: mahitaji yatakuwa kiasi hiki, vyanzo vinavyowezekana ni hivi, tuanze na kipi na lini. Baada ya hapo unafuata upembuzi yakinifu wa mradi mmoja uliochaguliwa, kupima kama kweli unawezekana na kama unalipa. Halafu usanifu wa kina, michoro ambayo fundi anaweza kuijengea. Ndipo zabuni ya ujenzi hutangazwa. Waziri anaposema kwenye runinga kwamba mradi uko "hatua ya usanifu", watu hudhani wiki ijayo kutachimbwa mtaro. Inaweza kuchukua miaka mitano, na mara nyingi kinachokosekana ni fedha tu.

Mbona mamlaka ya maji haitumii wahandisi wake? Inao, na wengine ni wazuri kuliko wanaoajiriwa. Ila mhandisi wa mamlaka anaamka na bomba lililopasuka Tabata, anashinda na pampu iliyoungua na kulala na simu za viongozi. Hapati miezi kumi na minane ya kukaa na takwimu za mvua za miaka hamsini. Sababu ya pili husemwa kwa sauti ya chini: benki ya maendeleo inayoombwa mkopo hutaka kuona muhuri wa mtu wa nje. Takwimu zilezile zikisainiwa na mtumishi wa mamlaka huitwa madai, na zikisainiwa na mshauri zinakuwa utafiti. Siipendi hali hiyo, lakini ndivyo soko la mikopo lilivyo.

Mfadhili na kampuni yake

Tanzania ina historia ndefu na jambo hili. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea mpango wa miaka 20: hadi 1991 kila mwananchi kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Ili kujua maji yatatoka wapi ikahitajika mipango mikuu ya mikoa, na mikoa ikagawanywa kwa wafadhili kama keki ya harusi. Wafini wakachukua Mtwara na Lindi. Wadenmark wakapewa Iringa, Mbeya na Ruvuma. Waswidi wakaenda Kanda ya Ziwa, Waholanzi Shinyanga na Morogoro. Kila mmoja alikuja na kampuni za kwao.

Pwani na Dar es Salaam ziliangukia kwa Canada. Mtambo wa Ruvu Chini, uliokamilika 1976, ulijengwa kwa msaada wa Canada, na mpango mkuu wa maji wa mwaka 1979 ulifanywa na kampuni ya Canada, CBA Engineering. Angalia mfuatano huo: mtambo kwanza, mpango baadaye. Sidai kuna mtu alifanya hila. Nasema tu kwamba mpango unaoandikwa juu ya mtambo mpya kabisa ulioko kwenye Mto Ruvu utautazama Mto Ruvu kwa jicho la upole.

Tangu wakati huo jiji limebaki na mto huohuo. Ruvu Juu, pale Mlandizi, ilianza 1959 na baadaye ikapanuliwa kwa mkopo wa India, kutoka lita milioni 82 hadi 196 kwa siku. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ilipanuliwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, kutoka milioni 180 hadi 270. Wafadhili wawili, mitambo miwili, mabomba mawili yanayoingia jijini kwa njia tofauti, na mto mmoja unaoanzia milima ya Uluguru. Kiangazi kikiukamata mto, kinaikamata mitambo yote miwili siku moja. Mtambo wa zamani wa Mtoni, unaotegemea Mto Kizinga, ni mdogo mno kuokoa jahazi.

Swali linavyobeba jibu

Waraka unaomwambia mshauri afanye nini huitwa hadidu za rejea. Kwa kawaida ni kurasa kati ya 20 na 40, zenye lugha kavu ya kulaza mtoto, na ndizo kurasa zenye nguvu kuliko zote katika safari hii.

Chukua sentensi mbili. Ya kwanza: "Mshauri atabainisha na kutathmini vyanzo vipya vya maji vitakavyokidhi mahitaji ya jiji hadi mwaka 2050." Ya pili: "Mshauri ataonyesha njia ya gharama nafuu zaidi ya kuwafikishia maji ya uhakika wakazi wote hadi mwaka 2050." Ukizisoma haraka utadhani ni mapacha. Lakini anayejibu ya kwanza hana ruhusa ya kukwambia kwamba chanzo chako kipya kiko chini ya lami ya Mtaa wa Uhuru, kwenye mabomba yanayovuja. Ameambiwa atafute vyanzo, atakuletea bwawa. Anayejibu ya pili lazima aweke bwawa, visima, ukarabati wa mabomba na dira mpya za maji kwenye mizani moja, na kila kimoja kionyeshe gharama yake kwa kila lita elfu moja.

Hadidu pia huchora mipaka. Zikisema "Mkoa wa Dar es Salaam", mshauri ataishia kwenye kibao cha mkoa. Hilo lina kisa chake, tutalifikia.

Kisha kuna jambo la nani anaandika hadidu zenyewe. Mamlaka nyingi, kwa uchache wa watu, humwomba mfadhili "asaidie rasimu". Masharti ya Benki ya Dunia, kwa mfano, hayaruhusu kampuni iliyoandaa hadidu za kazi fulani igeuke kuishindania kazi hiyo, wala mshauri aliyesanifu mradi kuujenga kama mkandarasi. Ni sheria nzuri, lakini haimzuii mtu kuandika swali ambalo benki yake tayari inajua jibu lake.

Namna mshindi anavyopatikana

Hapa pana hesabu ndogo ambayo kila mwandishi wa habari za zabuni angefaa kuijua. Kumwajiri mshauri si kama kununua saruji, ambapo mwenye bei ya chini akifikia viwango anachukua. Kwanza hutolewa tangazo la kampuni kuonyesha nia. Kati ya zilizojitokeza huteuliwa chache, tano au sita hivi, zinazoalikwa kuandika pendekezo. Pendekezo linakuja kwa sehemu mbili: la kiufundi na la bei. Siku hizi Tanzania yote hayo hupitia mfumo wa NeST mtandaoni, lakini mantiki ni ileile ya bahasha: ya bei haifunguliwi mpaka ile ya kiufundi iwe imeshapewa alama.

Kisha alama mbili zinachanganywa. Tuseme uzito ni 80 kwa ufundi na 20 kwa bei. Kampuni A imepata 88 kwenye ufundi na inataka shilingi bilioni 1.5. Kampuni B imepata 80 na inataka bilioni 1. Mwenye bei ya chini hupewa 100 za bei, na mwingine hupewa kwa uwiano, kwa hiyo A anapata 66.7. Piga hesabu: A ana 70.4 na 13.3, jumla 83.7. B ana 64 na 20, jumla 84. B ameshinda kwa unywele. Sasa badilisha uzito uwe 90 kwa 10, bila kugusa kitu kingine. A anapata 85.9, B anapata 82.

Kwa hiyo yule karani au kamati iliyoandika "80:20" badala ya "90:10" miezi kadhaa kabla ndiyo iliyochagua mshindi, bila hila yoyote na pengine bila kujua. Kwa kazi ya kuamua jiji litakunywa nini mpaka 2050, mimi ningeuweka uzito wa bei chini kabisa. Tofauti ya nusu bilioni kwenye karatasi hutoweka mbele ya mradi wa mabilioni mia tatu uliowekwa mahali pasipostahili.

Ndani ya alama za ufundi kuna mtego mwingine, majina ya wataalamu. Pendekezo hupambwa na wasifu wa profesa mwenye miaka 30 ya mabwawa. Kazi ikianza, profesa anakuja kwenye kikao cha ufunguzi, anapiga picha, na miezi inayofuata ripoti zinaandikwa na kijana aliyemaliza chuo juzi. Mkataba ulioandikwa kwa macho makavu unadai idhini ya mteja kabla mtaalamu yeyote aliyetajwa kubadilishwa, na unamkata malipo asipoonekana.

Watu wangapi, tena wako wapi

Kazi ya kwanza ya mshauri ni kukisia mahitaji. Anahesabu watu wa leo, anakisia wa kesho, anazidisha kwa lita ambazo kila mmoja atatumia, anaongeza viwanda, hoteli, shule na bandari, kisha anaongeza yatakayopotea njiani. Inaonekana rahisi. Tazama Dar es Salaam ilivyowachezea watabiri.

Sensa ya 1967 ilihesabu mkoa ukiwa na watu wapatao 356,000. Mwaka 1988 walikuwa 1,360,850. Mwaka 2012 walifika 4,364,541, baada ya muongo uliokua kwa asilimia 5.6 kila mwaka. Mtu yeyote aliyekaa 2013 na rula yake akaendeleza mstari huo angetabiri zaidi ya watu milioni 7.5 mwaka 2022. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kasi ilishuka hadi asilimia 2.1. Pengo la watu zaidi ya milioni mbili! Kwa kiwango cha lita 100 kwa mtu, ambacho nakitumia kama mfano tu, hizo ni lita milioni 200 kwa siku za mtambo ambao usingekuwa na wanywaji.

Lakini kabla hujamcheka mwenye rula, angalia ng'ambo ya kibao. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 ukawa na 2,024,947. Si wote walioongezeka ni wa kandokando ya jiji, maana Pwani inafika hadi Rufiji na Mafia, lakini mtu aliyepita Kibaha, Vikindu au Mapinga miaka ile na akapita tena leo hahitaji kuhadithiwa. Viwanja vya jijini vilipanda bei, watu wakavuka mpaka na ndoo zao. Bomba linalotoka Mlandizi linapita kwao kabla halijafika Kimara. Ndiyo maana eneo la huduma la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, linavuka mipaka ya mkoa, na ndiyo maana hadidu zinazosema "Mkoa wa Dar es Salaam" zinamfanya mshauri akosee mara mbili, azidishe watu ndani na awasahau wa nje.

Niliwahi kukaa katika mkutano wa wadau wa mpango wa namna hii, katika ukumbi wa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Mshauri kijana aliweka ramani ukutani kwa projekta, kijani kwa mashamba, kijivu kwa makazi. Mama mmoja wa makamo, mjumbe wa serikali ya mtaa, aliinua mkono akiwa bado ameketi.

"Mwanangu, hapo ulipopaka kijani mimi nimejenga."

"Samahani, mama. Ni upande gani hasa?"

"Huo wa bondeni. Tupo kaya zaidi ya mia. Nyie picha yenu ya lini?"

Kijana alitazama pembeni ya ramani. Picha ya satelaiti ilikuwa ya miaka sita nyuma. Alitoa kalamu, akamwomba mama asogee, na wakachora pamoja kwenye nakala ya karatasi: mtaro, barabara ya vumbi, msikiti, kioski cha maji ambacho hakikuwa na maji. Chai ikapoa, mkutano ukachelewa saa nzima. Katika siku ile yote hiyo ndiyo saa pekee niliyoona mpango ukifanywa.

Mto unapimwa kwa siku zake mbaya

Upande wa pili wa mizani ni vyanzo. Penye daraja la barabara ya Morogoro linalovuka Ruvu kuna kituo cha kupimia mto chenye namba 1H8, ambayo wahandisi wa maji wa nchi hii huitaja kama wengine wanavyotaja namba ya basi. Kituo cha namna hii kwa macho si kitu cha kujivunia: vibao vyenye alama za sentimita vilivyosimikwa mtoni, na mtu anayesoma kina cha maji na kukiandika. Kina hicho hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Ukikusanya masomo hayo kwa miaka mingi unapata hulka ya mto.

Na hulka ndiyo muhimu, kwa sababu wastani hudanganya. Ruvu wa Aprili, masika yakikolea, unafunika mashamba ya mpunga. Ruvu wa Oktoba unaweza kuvukwa na ng'ombe. Ukijumlisha na kugawanya utapata mto wa kati ambao haupo mwezi wowote. Mshauri makini haulizi mto una maji kiasi gani. Huuliza: ni kiasi gani ninachoweza kuvuta karibu kila siku, hata mwaka wa ukame, na bado nikabakiza maji kwa samaki, wakulima na mikoko ya mdomoni? Kiasi hicho huwa kidogo kwa uchungu. Vituo vingi vina mapengo, mwezi huu mpimaji hakulipwa, mafuriko yale yaling'oa vibao, na kila pengo hujazwa kwa makadirio. Mwulize mshauri yeyote ni asilimia ngapi ya mfululizo wake ni masomo ya kweli, uone atakavyosafisha koo.

Ukishauelewa mto hivi, Kidunda inaeleweka. Wengi hudhani bwawa lile litavutiwa bomba mpaka Dar. Hapana. Liko juu ya mto, Morogoro Vijijini, na kazi yake ni kuhifadhi maji ya masika kisha kuyaachia kidogokidogo kiangazi. Maji yanashuka kwa mto wenyewe mpaka kwenye vidaka vilevile vya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ujazo wake uliopangwa ni lita bilioni 190. Gawa kwa lita milioni 466 kwa siku, unapata siku 400 na ushee, ukisahau kwanza jua linalofyonza na maji yatakayoachwa yaende baharini. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Novemba 2022 na kampuni ya Sinohydro, mgao ukiwa bado unauma, kwa zaidi ya shilingi bilioni 300. Ukubwa wake nao una siri: bwawa kubwa zaidi lingemeza sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ambalo ni Urithi wa Dunia, kwa hiyo lililochaguliwa ni dogo.

Chanzo cha pili ni tofauti kabisa. Chini ya Kigamboni na Mkuranga, mamia ya mita ardhini, kuna maji yaliyohifadhiwa kwenye mchanga wa kale, kule Kimbiji na Mpera. Novemba hiyohiyo ya 2022 visima vya Kigamboni vilizinduliwa na kuanza kuingiza lita milioni 70 kwa siku. Wingi wake haufui dafu mbele ya Ruvu, ila vina sifa ambayo Ruvu hauna: haviujui ukame wa mwaka mmoja. Kwangu mimi hiyo inastahili kulipiwa bei ya juu kwa kila lita. Hatari yake iko mahali pengine. Ukivuta kupita kiasi karibu na pwani, maji ya chumvi hujongea taratibu, na yakishaingia hayatoki kwa maombi. Kwa hiyo mshauri anayependekeza visima bila kupendekeza visima vya kuangalizia, vinavyopimwa kila mwezi, ameacha kazi nusu.

Maji ambayo tayari yamesafishwa

Sehemu hii nitaipita haraka, kwa sababu hesabu yake ni fupi. Kwa miaka mingi karibu nusu ya maji yaliyozalishwa Dar es Salaam hayakulipiwa. Hali imekuwa ikiboreka. Tuchukue asilimia 35 kwa mfano. Asilimia 35 ya lita milioni 466 ni lita milioni 163 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya visima vile vya Kigamboni. Zote si za kuvuja. Kuna wizi, kuna dira zilizozeeka zinazosoma kidogo, kuna waliounganishwa na kusahaulika kwenye ankara. Maji ya wizi yananywewa na mtu, kwa hiyo kumkamata mwizi huongeza mapato, hakuongezi maji kwa kiasi hichohicho. Mshauri mzuri hutenganisha mafungu haya. Mvivu huandika "upotevu utashuka hadi asilimia 20 ifikapo mwaka fulani" kwenye jedwali, mahitaji yanapungua kwa kalamu, na hakuna anayepewa bajeti ya kuyapunguza kwa spana.

Kukarabati mabomba hakuna utepe wa kukata. Bwawa unaweza kulizindua.

Karatasi ikikutana na watu wa juu ya mto

Nairobi inatupa mfano wa upande ambao hesabu haziufikii. Mpango mkuu wake wa 2012, ulioandaliwa na kampuni ya Ufaransa, Egis, pamoja na washirika wake, uliangalia hadi 2035 na kupanga miradi kwa awamu. Ya mbele kabisa ilikuwa handaki la Northern Collector, lenye urefu wa karibu kilomita 12 chini ya vilima vya Murang'a, kuchota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyamwaga bwawa la Ndakaini, takriban lita milioni 140 kwa siku.

Kiufundi hoja ilikuwa inaeleweka: handaki lichote maji ya mafuriko, mto ubaki na yake. Ujenzi ukiwa umeanza, mwaka 2016 Raila Odinga, akiwa kiongozi wa upinzani, akajitokeza akionya kwamba Murang'a itageuka jangwa. Serikali ikakanusha. Vita vya maneno vikachukua wiki, magavana wakavutana, na mkulima wa chai wa Murang'a akabaki na swali lake rahisi ambalo hakuna upande uliolijibu kwa lugha yake: nani atasimama kwenye lango usiku wa Februari kuhakikisha haliachwi wazi? Mpango ulikuwa na kiwango cha maji ya kuachwa mtoni. Anayehesabu kiwango hicho ni nani, kinatangazwa wapi, mkulima anakiona vipi, hayo hayakuwa yamefika kijijini.

Dar es Salaam nayo ina watu wa juu ya mto. Kuna wakulima wa Uluguru, wafugaji wa bonde, mji wa Morogoro unaokua, na vibali vyote vya kuvuta maji vinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ambayo si DAWASA. Mpango wa jiji unaoandikwa bila bodi ya bonde kuketi mezani ni mpango wa maji ya mtu mwingine.

Kinachobaki mshauri akiondoka

Mwisho wa kazi mshauri hukabidhi ripoti. Juzuu nyingi, jalada la rangi, muhtasari wa kurasa kumi kwa ajili ya waziri. Chenye thamani zaidi hakionekani: mfano wa kompyuta wa mtandao wa mabomba, majedwali ya mto, faili za kipimo cha kila kisima. Hivyo ndivyo vinavyomwezesha mhandisi wa mamlaka, miaka mitano baadaye, sensa mpya ikitoka, kubadilisha tarakimu na kupata jibu jipya bila kutangaza zabuni upya.

Na ndivyo vinavyopotea. Huduma ya maji Dar es Salaam ilikuwa chini ya NUWA, mamlaka ya taifa ya maji mijini, tangu 1984, ikaja DAWASA 1997, ikakabidhiwa kampuni binafsi ya City Water 2003 iliyoondolewa 2005, ikaja DAWASCO, kisha 2018 vyote vikaunganishwa kuwa DAWASA ya sasa. Kila kuhama kwa ofisi ni kabati lililobaki nyuma. Katika mamlaka moja ya maji, mji mwingine kabisa, nilionyeshwa mfano wa kompyuta wa mtandao wao uliolipiwa kwa mkopo. Ulikuwa kwenye CD, ndani ya bahasha yenye muhuri. Kompyuta iliyokuwepo haikuwa na mahali pa kuiingizia, na programu yenyewe ilihitaji leseni iliyokuwa kwa jina la mshauri, ambaye mkataba wake uliisha miaka minne iliyopita.

Siku hizi baadhi ya hadidu zina vifungu vya kuzuia hilo: takwimu ghafi zikabidhiwe kwa muundo unaofunguka bila leseni ya mtu, wahandisi wawili au watatu wa mamlaka wakae na timu ya mshauri tangu mwezi wa kwanza, na malipo ya mwisho yazuiwe mpaka mmoja wao aendeshe mfano huo mwenyewe mbele ya kamati. Ni mistari minne kwenye ukurasa wa thelathini na kitu. Yule mhandisi aliyenionyesha CD aliirudisha kwenye bahasha, akaifunga vizuri, akaiweka kabatini pamoja na funguo za ofisi.